Maziwa ya Dahabo: Basi, Gari Ndogo au Treni

Siku yangu ya mwisho pale steji ya Garissa, Sahara, msichana wa kikundi chetu cha maziwa, aliniuliza mbele ya wenzake wote, "Eddo Hawa, kabla hujatuacha, tuambie kitu kimoja tu. Gari gani ni bora kwa maziwa?" Nikasema naenda kuswali. Haikuwa hata wakati wa swala.

Basi naandika lile nililoshindwa kusema. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu kikundi sasa kina Mwende, aliyeolewa huku kutoka Mwingi, na Hadija wa Madogo, na sitaki wasomewe na mtu mwingine kama tangazo la chifu. Shule niliionja kidogo tu, baba akanitoa nikachunge mbuzi. Mengine niliyapata kwenye darasa la gumbaru, sisi watu wazima tukikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa kidevu. Mkiona herufi zimelala, ziamsheni wenyewe.

Mwende aliniambia juzi kwamba mume wake bado anafikiri sisi tunauza maziwa tu. Kuuza si kazi. Maziwa ya ngamia yanajiuza. Kazi ni kuyafikisha. Ngamia wanakamwa alfajiri huko porini, upande wa Kotile na kwingine, mitungi inaletwa mjini kwa chochote kinachotembea, sisi tunaipokea, tunanusa, tunachuja, tunamimina kwenye mitungi tuliyoifukiza moshi, halafu linatafutwa gari la kuipeleka Nairobi kabla jua halijaamua lenyewe. Kuna wa kunusa na kuna wa kufukiza. Mimi nilikuwa wa kuchagua gari. Maisha yangu yote ya kazi, kuchagua gari. Mtu angedhani najua.

Aliyenifundisha ni Eddo Kaha Abdi. Hakuwa shangazi yangu, lakini wote tulimwita eddo, kama nyinyi mnavyoniita mimi. Jicho lake moja lilikuwa limeingia ukungu, na kwa lile lililobaki aliona dereva mwenye usingizi kutoka ng'ambo ya barabara. Siku yangu ya kwanza yalikuwepo mabasi mawili, moja la Noor Dheere, yaani Noor mrefu, na jingine la Mkamba mmoja mpole, Musyoka. Nilidhani Eddo Kaha atakagua matairi. Alisimama tu akiwatazama madereva wakinywa chai.

"Unamwona Noor? Anakunywa haraka haraka. Huyo ana hamu ya barabara. Mpe maziwa."

Tukampa Noor. Kesho yake nikataka kuonyesha kwamba nimeshika somo. Nikamkimbilia dereva aliyekuwa akimeza chai kama nyumba inaungua nyuma yake. Eddo Kaha akanishika nguo.

"Wewe! Unakwenda wapi? Huyo ana njaa. Atasimama Mwingi ale mpaka sufuria ioshwe."

"Lakini jana ulisema anayekunywa haraka..."

"Jana alikuwa Noor."

Hilo ndilo somo lote nililopewa. Nimelizungusha kichwani mpaka leo na sijapata pa kulishika.

Vifaa vyetu mnavijua, ni vichache. Kijiti cha kufukizia, ambacho ukikichagua vibaya maziwa yanatoka na ladha ya jiko badala ya moshi. Kitambaa cha kuchujia. Pua. Na kipande cha nguo cha kufunga kwenye mpini wa mtungi ili mpokeaji wa Nairobi ajue mtungi ni wa nani. Changu kilikuwa cha kijani, cha Rukia Barre chekundu, cha Amina Shale cha maua maua, maana Amina hakuweza kuwa kama watu wengine hata kwa kitambaa.

Mpokeaji wangu kule Islii, Nairobi, alikuwa Dahabo Kusow. Huyu mjue vizuri, kwa sababu habari yangu yote inakwenda kwake. Tulifanya kazi pamoja muda mrefu kabla hatujaonana uso kwa uso. Mimi nampelekea mitungi imejaa, yeye anairudisha mitupu, na ndani ya mitupu anatia vitu: majani ya chai, sabuni, na nilipojifungua Shukri, nguo za mtoto zimekunjwa ndogo ndogo zipite kwenye mdomo wa mtungi. Zilikuwa na harufu ya moshi mpaka mtoto akaota meno. Kwa maneno makali aliyokuwa akituma kupitia makondakta, nilimwona akilini mwanamke mnene, mwenye sauti ya mnada. Nilipokutana naye mara ya kwanza nilimpita. Alikuwa mwembamba kama kijiti chetu cha kufukizia, amekaa juu ya debe lililopinduliwa, akiniita kwa jina langu na la baba yangu.

"Hawa Dubow! Wewe ndiye uliyenitumia maziwa ya Jumanne?"

"Ndiyo, abaayo," nilimjibu, nikimwita dada.

"Kwa gari gani?"

"Kwa Musyoka."

"Usimpe Musyoka tena. Ni mtu mzuri sana. Anasimama kwa kila mtu barabarani."

Nikarudi Garissa nimechanganyikiwa zaidi. Mtu mzuri sana, usimpe.

Zikaja zile siku za mabasi kwenda kwa msafara na askari, moja likingoja jingine, na kuchagua kukawa hakuna maana kwa sababu yote yalitembea pamoja kama ng'ombe. Yakaja mafuriko, barabara ikakatika baada ya daraja, mitungi ikavuka kwa mashua na upande wa pili hatukujua itapakiwa gari la nani. Siku hizo, nashindwa kuwaelezea kwa nini, maziwa yalifika salama kuliko siku za lami. Ilipokuja lami nzuri, yalikuja pia magari madogo, na hapo ndipo akili yangu ilipomalizika kabisa. Gari ndogo linakwenda mbio, lakini polisi wanalitilia shaka, wanalipekua mpaka chini ya viti. Basi linakwenda polepole, kila kizuizi abiria wote wanashuka na vitambulisho mkononi, lakini wakishapita wamepita. Leo basi linatangulia, kesho gari ndogo. Nilijaribu kutengeneza kanuni: wakati wa joto gari ndogo, wakati wa mvua basi. Kanuni ikafanya kazi mpaka Rukia Barre alipoisikia akaanza kuifuata. Kuanzia hapo haikufanya kazi tena, wala kwake wala kwangu.

Simu ziliposhika, Dahabo alinipigia kila siku mitungi ilipofika. Hakuwa na salamu nyingi. "Yamefika. Matamu." Au, "Yamefika. Yamegeuka." Akisema yamegeuka, yaani yamechacha, basi yamegeuka. Hakuna mtu Islii aliyebishana na ulimi wa Dahabo. Wanaume wenye mahoteli makubwa walimngoja aonje kifuniko kimoja ndipo wao wapeleke vikombe mdomoni.

Halafu akaugua. Mwanawe Abdirizak, ambaye anafanya kazi bandarini, akaja akamchukua akamhamishia kwake Mombasa. Mimi nikaendelea kidogo na mpokeaji mwingine, kijana mzuri, Liban, anayenitumia picha ya mtungi badala ya kuonja. Magoti yakakataa steji, nikastaafu.

Sikumaliza wiki nyumbani. Abdirizak akapiga simu.

"Eddo, mama hali kitu. Maziwa ya paketi anatema. Uji anatema. Nimemtafutia ya ngamia hapa Mombasa, akanusa tu akageuka ukutani. Daktari anasema lazima kitu kiingie tumboni."

"Anasemaje mwenyewe?"

"Anasema, mwambieni Hawa. Na anasema yawe matamu. Yakiwa yamegeuka tumbo lake halitayaweza."

Binti zangu, mnaelewa hapo nilipofika? Mitungi mingapi imepita mikononi mwangu, na sasa ulikuwa mtungi mmoja, mdogo, wa mtu mmoja, na ilinibidi nichague gari la kuupeleka mwenyewe. Si la Nairobi tena. La Mombasa.

Jioni hiyo nyumba yangu ilijaa ushauri. Alikuja Bishar, mtoto wa kaka yangu, mwenye gari ndogo. Alikuja Kassim anayekata tikiti za basi la Mombasa. Na mjukuu wangu Ikran, anayesoma Nairobi, alikuwa kwenye simu, tumemweka katikati ya mkeka asikike na wote.

"Eddo," alisema Bishar, "mimi nakutoa mlangoni nakushusha mlangoni. Hola, Garsen, Malindi, umefika. Hakuna kungoja mtu."

"Mlangoni kwa nani?" Kassim akacheka. "Juzi ulimtoa Mzee Gabow mlangoni ukamshusha Garsen, gari linatoa moshi kama biriani."

"Lilichemka kwa sababu alipanda na mbuzi!"

"Mbuzi alikaa kwenye injini?"

Nikamgeukia Kassim. "Na kwako mtungi utakaa wapi?"

"Chini, kwenye buti, salama."

"Karibu na injini?"

"Si karibu sana," alisema, na akawa mtu wa kutazama mkeka.

Ikran akapaza sauti kutoka kwenye simu. "Ayeeyo, wasikuchanganye! Panda treni. Ndani kuna baridi kama friji. Mtungi unakaa miguuni pako, hakuna jua, hakuna vumbi."

"Treni inapita hapa?"

"Hapana, Ayeeyo. Unakuja Nairobi kwanza kwa basi la asubuhi, halafu unapanda treni ya mchana."

"Nairobi iko njia ya Mombasa?"

"Haiko. Iko upande mwingine kabisa. Lakini ndiyo njia."

Nikachukua vikombe vitatu vya chai nikavipanga kwenye mkeka nione kwa macho. Hiki Garissa, hiki Nairobi, hiki Mombasa. Nikatembeza kidole. Kutoka Garissa mpaka Mombasa moja kwa moja ilikuwa njia ya kidole kimoja, na ile ya Ikran ilikuwa ya kuzunguka mkeka. Kassim akasema Mombasa nimeiweka mbali mno, akaisogeza. Bishar akasema hapana, Nairobi ndiyo imekaa vibaya. Nilipokuwa bado nafikiri, Bishar akainua Mombasa akainywa.

Nikachagua treni. Sijui hata sasa kama ilikuwa akili au hasira. Neno lililonishika ni lile moja, baridi. Nilisema moyoni, joto ndilo adui yangu tangu siku ya Eddo Kaha, na huyu mtoto ananiambia kuna gari lisilo na joto.

Sahara mwenyewe alinifukizia mtungi. Maziwa yalikuwa ya alfajiri hiyo hiyo. Tukaweka mtungi ndani ya kikapu, tukauzungushia chupa za barafu kutoka kwenye friji ya kikundi, na basi la Nairobi likanibeba. Kila kizuizi nilishuka na kitambulisho changu na kikapu changu, maana sikukubali kukiacha. Askari mmoja aliniuliza nina nini, nikamwambia maziwa ya mgonjwa, akasema apone. Ikran alinipokea, tukapanda teksi, akaniwekea tikiti mkononi kwenye lango la stesheni. Hapo akaniambia yeye haruhusiwi kuingia.

"Ni rahisi, Ayeeyo. Fuata watu."

Nikafuata watu. Watu wakafika mahali, wakaweka mizigo yao chini kwa mstari mmoja mrefu, wakarudi nyuma. Sikuelewa kwa nini mtu aweke mzigo aondoke. Askari mwanamke akaniambia, "Mama, weka hapo, simama huku." Nikaweka. Kikapu kilikuwa kimelowa, barafu imeyeyuka, mtungi unatoka jasho. Na hapo nikamwona mbwa.

Kwa Mwende nieleze kidogo. Sisi hatuchukii mbwa. Lakini mbwa akigusa chombo kwa mate au pua mbichi yenye maji, chombo kinakuwa najisi, kinaoshwa mara saba na mara moja yake kwa udongo. Na kwa mtu wa maziwa si chombo tu. Hakuna mteja wangu aliyewahi kunywa kitu chenye shaka. Mbwa alikuwa anakuja, ananusa sanduku, ananusa mfuko, sanduku, mfuko, na kikapu cha Dahabo kiko mbele yake kimelowa chote.

Nilifanya lile ambalo mama yeyote wa Garissa angefanya. Nilikimbia nikavua shali yangu nikakifunika.

Askari mwenye mbwa akasimama. "Mama, kuna nini hapo?"

"Maziwa."

"Mbona umefunika?"

"Kwa sababu ya mbwa."

Nilipolisikia jibu langu likitoka, nilijua limekaa vibaya. Askari mwanamke akamwambia mwenzake, "Anasema amefunika kwa sababu ya mbwa." Basi mizigo ya wengine yote ikaachwa, na mbwa akaletwa kwa kikapu changu peke yake. Shali ikaondolewa. Mimi nilifumba macho nikaanza kusoma kila dua niliyoikumbuka. Nilipofumbua, mbwa alikuwa ameketi kando, anahema, ametoa ulimi nje.

"Amegusa?" niliuliza. "Jamani, amegusa?"

Mzee mmoja mwenye kofia, sauti yake ya watu wa Lamu, akasema, "Hakugusa, bibi. Alipita juu juu tu."

Msichana wa nywele za kusuka akasema, "Amegusa, shosho. Pua yote. Nilikuwa namwangalia."

"Uliona nini wewe? Ulikuwa kwenye simu!"

"Na wewe mzee ulikuwa umesimama nyuma ya nguzo!"

Wakabishana mbele yangu, mmoja amegusa, mwingine hakugusa, mpaka askari akawaambia waingie. Lakini kwangu hakuwa amemaliza. Akataka nionje mbele yake, ajue kweli ni maziwa. Nikamwambia, "Onja wewe, mwanangu. Mimi nayajua." Nikamfungulia, nikammiminia kwenye kifuniko bila kugusa pembeni ya mtungi. Akanywa, akakunja uso.

"Mama, hii imeungua."

"Haijaungua. Imefukizwa."

"Unapelekea mgonjwa hii?"

"Ndiyo itakayomwinua."

Akalamba mdomo, akafikiri, akauliza kama naweza kumwongezea kidogo. Sikumwongezea. Ilikuwa ya Dahabo.

Ndani ya treni kulikuwa na baridi kweli, Ikran hakusema uongo. Mimi ndiye niliyekuwa natoka jasho. Kikapu kiko miguuni, maziwa yako salama kutokana na joto, na sijui kama ni safi. Nilitazama mtungi kama utaniambia. Kama pua iligusa kikapu, je, maji yamepita mpaka kwenye mtungi? Kama iligusa mtungi, na mimi nimeushika, je, mikono yangu? Na shali? Watu wote waliinuka kwenda madirishani kupiga picha ndovu. Mimi nilibaki nimekaa. Ndovu hawakuwa na jibu.

Mbele yangu alikaa kijana mwenye ndevu nzuri, zimechongwa, uso mtulivu. Nikasema alhamdulillahi, nimeletewa.

"Sheikh, samahani. Mbwa akinusa mtungi uliolowa, na mmoja anasema amegusa na mwingine anasema hakugusa, hukumu yake ni nini?"

Kijana akatoa vitu masikioni. "Nyanya, mimi naitwa Kevin. Mimi ni Mkristo."

"Na hizi ndevu?"

"Ni staili tu, nyanya."

Tukacheka wote wawili, naye akanisaidia kumpigia Maalim Yusuf wa Garissa. Maalim alinisikiliza, akaanza kujibu, "Hawa, jambo la kwanza, kama huna hakika..." simu ikakatika. Tukapiga tena. "...udongo uwe safi..." ikakatika. Mara ya tatu nilisikia, "...wala usijitese..." halafu milima ikaichukua sauti yake. Kevin alijaribu kuniunganishia yale maneno. "Kama huna hakika, udongo uwe safi, wala usijitese." Ukiyasoma hivyo yana maana. Ukiyasoma kwa mpango mwingine yana maana nyingine.

Abdirizak alinipokea Mombasa jua limekwisha kuzama. Njia nzima alizungumza juu ya mama yake: tangu jana ni maji tu, kijiko kijiko. Amekaa anatazama mlango. Tukafika, tukapanda ngazi za jengo refu mpaka nikasahau hesabu, akafungua mlango, na mimi nikakataa kuingia na mtungi.

"Eddo, kuna nini?"

"Niletee maji. Na udongo."

"Udongo wa nini?"

"Udongo tu, mwanangu. Mchanga safi. Haraka."

Alitazama kulia na kushoto. Saruji chini, saruji ukutani, saruji mpaka barabarani. Mji mzima na hakuna kiganja cha udongo. Hapo nikaona mlango wa jirani, na mbele yake vyungu vya asumini vimepangwa vizuri. Nikainama nikachota. Mlango ukafunguliwa.

"Wewe mama, waufanyia nini udongo wangu?"

Alikuwa Bi Zuhura, mwanamke wa pale pale Mombasa, leso kiunoni. Nikamweleza, nimepiga magoti na kiganja kimejaa: mgonjwa, maziwa, treni, mbwa, amegusa, hakugusa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaingia ndani, nikadhani amekasirika, akatoka na beseni.

"Mwambie huyo Abdirizak alete maji. Na wewe usichote hapo juu, chimba ndani, juu paka hulala."

Tukaosha kwenye ngazi, mimi na Bi Zuhura, yeye akimimina, mimi nikisugua. Mpini, kifuniko bado kimefungwa, chini, pembeni. Maji ya matope yakatelemka ngazi zote. Kutoka ndani ikasikika sauti nyembamba ninayoijua.

"Hawa Dubow. Umefika au unahamia kwenye ngazi?"

"Naosha mtungi, abaayo."

"Kwa nini? Nani kaugusa?"

"Mbwa. Au si mbwa. Sijui."

"Pua yake ilikuwa mbichi?"

"Sikuona. Nilifumba macho."

Kikasikika kitu huko chumbani. Abdirizak akashtuka, akakimbilia ndani, mimi nyuma yake na mtungi unaodondoka maji. Dahabo alikuwa anacheka. Hakuwa na nguvu ya kucheka, mabega tu yalikuwa yanatikisika chini ya shuka, machozi yanamtoka. "Miaka yote hiyo," alisema, "unawapimia watu magari, na siku ya kupima mbwa unafumba macho."

Nikafungua mtungi. Nilimimina kifuniko kimoja nikaonja mwenyewe kwanza, kama kazi inavyotaka. Yalikuwa matamu. Nawaambia kwa jina la Mola, matamu, baridi, moshi umekaa mahali pake. Nikampa Abdirizak aonje. "Matamu," akasema. Bi Zuhura mlangoni, ambaye hakuwahi kuyanywa maishani mwake, alionja akasema matamu. Nikamwinua Dahabo kichwa, mwepesi kama mtoto, nikamwekea kikombe mdomoni. Alichukua kidogo. Akakishikilia mdomoni, macho amefumba, kama pale Islii wanaume wakimngoja. Sote tulisimama tukimngoja.

Akameza.

"Yamegeuka," alisema.

Nikamtazama Abdirizak, naye akanitazama mimi. Sijui hata leo ulimi wa nani ulikuwa mgonjwa, wake au wetu watatu. Nilikuwa tayari kukiondoa kikombe, nikikumbuka lile neno kuhusu tumbo lake. Dahabo akanishika mkono kwa vidole vyake vilivyobaki mifupa, akakivuta kikombe, akakinywa chote mpaka chini, polepole, bila kutema hata tone. Halafu akaninyooshea kikombe.

"Ongeza," alisema. "Na unieleze, kwa nini hukuja kwa basi?"